Boliti ya Chini ya Meza

Mwanamke anayeishi na seremala kwa miaka mingi hujifunza kusikiliza. Huyu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, lakini pale pale alipoketi alijua mumewe anafanya nini kule bandani nyuma ya nyumba. Randa ina sauti yake, msumeno una yake, na drili ya kusimama ina yake: huanza kwa mngurumo mnene, biti, kile chuma cha kutobolea, ikiuma mbao sauti hupanda, na ikitokea upande wa pili hushuka, kama mtu aliyetua mzigo. Siku hizi sauti ikishuka kilifuata kimya. Na baada ya kimya lilifuata neno moja la matusi, ambalo mumewe hakuwa na kawaida ya kulitamka.

Mumewe waliomjua walimwita Kipimo. Jina alipewa kiwandani, alikotengeneza samani mpaka akastaafu, kwa sababu alikuwa akiutupia ubao jicho moja tu na kusema umezidi unywele, na ukipima unakuta kweli umezidi unywele. Jina la wazazi likabaki la kwenye kitambulisho. Alijitia hapendi kuitwa hivyo, lakini ukimwita sokoni aligeuka haraka, meno yote nje.

Siku alipostaafu alijinunulia drili. Si ile ndogo ya kushika mkononi ambayo kila mtu anayo siku hizi na hajui kuitumia. Hii ilisimama sakafuni, ndefu kumpita yeye: nguzo ya chuma nene, kichwa chenye mota na mikanda yake, meza ya chuma ya kuwekea kazi, na usukani wa mikono mitatu wa kushushia biti. Ilibebwa na wanaume wanne waliokuwa wakigombana njia nzima. Kipimo aliimwagia sakafu mpya ya saruji, akaifunga, akaipangusa mafuta, akaizunguka. Mkewe alisema sasa ameletewa mke mwenza, tena asiyekula.

"Na asiyenuna," Kipimo akamjibu, na wote wawili walicheka mpaka jirani akachungulia.

Namna Kipimo alivyotoboa haikuwa ya kila fundi. Wengine hufunga kizuizi juu ya meza, yaani ubao ulionyooka ambao kazi huegemea ili matundu yakae mstari mmoja. Wengine huibana kazi kwa jiliwa isiende popote. Kipimo aliushika ubao kwa mkono wa kushoto, akashika usukani kwa mkono wa kulia, na mstari akauweka kwa jicho. Kizuizi kwake kilikuwa kitu cha wanafunzi. "Ukiniona nimeweka kizuizi," aliwahi kumwambia rafiki yake, "jua nilishakufa, huyo ni mwingine amevaa aproni yangu." Na matundu yake yalikaa sawasawa kama vifungo vya shati.

Kisha binti yao akapata mimba, baada ya kuisubiri kwa muda mrefu, na Kipimo akaanza kumtengenezea mjukuu kitanda. Kitanda cha mtoto mchanga kina fito pande zote, na kila ufito huingia kwenye tundu lake chini na tundu lake juu. Matundu yakienda segemnege fito hazisimami, na zikiachana sana kichwa cha mtoto kinaweza kupenya katikati. Hapo hakuna cha kukadiria. Kipimo alitoboa ubao wa kwanza, akautazama, akauweka pembeni. Akatoboa wa pili. Mara mkewe alianza kukuta vipande vya mbao nzuri kwenye kuni za jikoni, vina matundu yanayokwenda huku na kule kama meno ya msumeno wa mlevi.

Kwanza alilaumu mbao. Haikukauka vizuri, eti ina ukaidi. Akanunua nyingine. Akalaumu biti, akainoa, kisha akanunua mpya. Akalaumu umeme kwamba unakuja na kukatika nguvu. Akalaumu hata sakafu aliyoimwaga mwenyewe. Mwisho alibaki na mashine, na hapo akaanza kuipima.

Mahali pa biti alifunga chuma kimoja kilichonyooka, akakizungusha taratibu kwa mkono huku ameshikiza kipande cha bati kando yake, akichungulia mwanya uliobaki katikati. Mwanya haukuongezeka wala haukupungua. Maana yake chuma hakiyumbi. Akasimamisha skwea, ile rula ya pembe mraba, juu ya meza, akaisogeza mpaka ikagusa chuma, akaangalia kama mwanga unapita. Haukupita. Akakamata taya zinazoshika biti akazitikisa mbele na nyuma, hazikucheza. Mashine ilifaulu kila mtihani, na kila ilipofaulu yeye alizidi kununa. Huenda alikuwa mtu wa kwanza duniani kukasirika kwa sababu mali yake ni nzima. Akasema skwea ndiyo mbovu. Akaenda kununua nyingine, akarudia upya.

Mkewe alikuwa anajua tangu zamani. Macho yake ya karibu yalipoanza kumchosha, Kipimo ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano kila asubuhi kabla hajaenda bandani. Alizitunga sindano kadhaa kwa mkupuo mmoja, akazichomeka kwenye kile kimto kidogo chekundu, akasema, "Haya bibie, risasi zako hizo." Kisha zikaanza sababu. Nina haraka. Nitarudi. Kwani jana hazikubaki? Asubuhi moja mkewe alitoka jikoni bila kelele akamkuta amesimama dirishani na sindano. Ncha ya uzi ilikuwa inazunguka tundu, inalikaribia, inalikwepa. Alijaribu, akajaribu, akaulamba uzi, akajaribu tena. Halafu akaichomeka sindano tupu katikati ya wenzake kwenye kimto, akaondoka. Mkewe alirudi jikoni akalia akiwa ameshika mwiko.

Hakumwambia. Siku hiyo alizipeleka sindano kwa jirani, na siku zilizofuata hivyo hivyo. Alianza pia kuona mengine: chai anainamia kikombe mezani badala ya kukiinua, mkono wa kulia umehamia mfukoni kama mtu anayetafuta funguo. Kila siku alipanga kusema na kila siku alimeza. Aliona akilitamka ndipo litakapokuwa kweli, na atakayelifanya kweli ni yeye.

Kisha jioni moja, wakila, Kipimo akasema, "Kesho namwita Grisi."

Grisi alikuwa fundi mitambo, yule aliyezitunza mashine zote za kiwandani tangu enzi za ujana wao. Akiweka sikio kwenye mota alikwambia inaumwa nini. Hakuna aliyewahi kubishana naye juu ya chuma akashinda.

"Akisema mashine ni mbovu?" mkewe aliuliza.

"Tutaitengeneza, nimalize kitanda."

"Na akisema ni nzima?"

Kipimo aliacha kutafuna. Alitazama sahani yake, akaisukuma kidogo, akanyanyuka akaenda kunawa. Hakurudi mezani. Mkewe alielewa kwamba mwanamume huyu ameyaweka maisha yake yote kwenye ulimi wa Grisi. Mashine ikiwa mbovu, yeye bado ni Kipimo. Mashine ikiwa nzima, basi Kipimo hayupo tena, na aliyebaki ni mzee mmoja tu anayeishi nyumba ile.

Asubuhi, mumewe akiwa anaoga, mwanamke alikwenda bandani. Alijua anachokitafuta. Chini ya meza ya drili kuna boliti kubwa moja ambayo haiguswi mpaka mtu atake kuinamisha meza, na mara ngapi alimsikia mumewe akiwaambia wageni: "Hii usiiguse, hii ndiyo inayoishika meza." Alitoa spana ukutani, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao na gauni lake la nyumbani, akajaribu kuigeuza. Haikutaka. Aliegemea kwa uzito wote. Spana ikateleza ikakwangua rangi, akaumia vifundo vya vidole. Akaipachika tena akavuta. Safari hii boliti ilikubali, na alipoibonyeza meza kwa kiganja aliisikia ikicheza, kidogo tu, kiasi cha mtu anayetafuta kosa kulipata.

Alirudisha spana kwenye msumari wake, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Alijiambia kwamba hajadanganya, maana hajasema neno lolote kwa mtu yeyote.

Grisi alifika na mkoba wake wa vifaa na maneno mengi, kama kawaida yake.

"Shemeji, huyu mzee bado hajakuua kwa kelele? Mimi ningekuwa wewe ningeshahamia na cherehani yangu kwa mtu mwenye kazi ya kimya. Muuza mito, kwa mfano."

"Wewe pima mashine, acha mdomo," Kipimo alisema, lakini sauti yake haikuwa na utani.

Grisi aliipima. Aliizungusha kwa mkono, akaiwasha, akaweka sikio, akaizima. Akaangalia mikanda, akaitikisa nguzo. Kipimo alisimama kando mkono mfukoni, kijasho chembamba kimemtoka juu ya mdomo. Kisha Grisi akaweka kiganja juu ya meza akabonyeza. Akabonyeza tena. Akapiga goti akaingiza kichwa chini, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama boliti moja. Alipotoka hakumtazama Kipimo kwanza. Alimtazama shemeji yake, aliyesimama mlangoni na sinia la chai, na macho yake yakashuka mpaka kwenye vifundo vya vidole vilivyochubuka.

"Boliti imelegea," alisema taratibu. "Ndiyo maana kazi inakukimbia. Mashine zina mtetemo. Boliti hujilegeza zenyewe, hujui?"

Kipimo aliketi kwenye kigoda. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakaanza kupanda na kushuka, na haikujulikana kama anacheka au nini mpaka alipoiondoa mikono. Alikuwa anacheka na machozi yanatoka.

"Nilijua mimi! Mama watoto, si nilikwambia? Nilikwambia mashine hii!"

"Ulisema," mkewe alijibu.

Grisi aliikaza boliti kwa nguvu zake zote. Alikunywa chai yake haraka haraka, akaaga. Mwanamke alimsindikiza hadi getini, na hapo Grisi akasimama, akahamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda huu.

"Shemeji, boliti ile hailegei yenyewe hata uiache mpaka kiama."

"Najua."

"Na mimi nimeshaikaza." Alifungua geti. "Sasa kesho atamlaumu nani?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Hapo getini ndipo alipoona alichokifanya. Alitaka kumpa mumewe kisingizio, na alichagua kisingizio cha chuma, na chuma hukazwa kikapona mara moja. Angemwachia mbao, angemwachia umeme, mambo yasiyokwisha, Kipimo angeweza kuyalaumu mpaka mwisho wa maisha yake. Badala yake alimfungia milango yote akamwachia mmoja tu, na huo ndio aliokuwa hataki apite.

Angeweza kusema siku ile ile. Aliingia ndani amepiga moyo konde kabisa. Lakini Kipimo alikuwa kwenye simu na binti yao, anasema kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano: "Mwambie huyo mtoto asiwe na wasiwasi, babu yake yupo! Ni mashine ilikuwa na tatizo!" Akala sahani mbili. Akaimba wimbo fulani wa zamani ambao maneno yake alikuwa ameyasahau nusu, akajaza pengo kwa jina la mkewe. Mwanamke alimtazama. Alikuwa hajamwona na furaha hiyo kwa muda mrefu, na alijua ni furaha ya kuazima, naye ndiye aliyemwazimia.

Kesho yake Kipimo hakungoja chai. Mwanamke aliketi mbele ya cherehani bila kushona. Alisikia mngurumo ukianza. Sauti ikapanda, ikashuka. Kimya. Ikapanda tena, ikashuka. Kimya kirefu zaidi. Kisha ikapanda haraka, kama mtu aliyekasirika anasukuma, na katikati ikakatika kwa mlio ambao hakuwahi kuusikia kutoka bandani, kitu kikagonga ukuta, na mashine ikaendelea kunguruma yenyewe.

Alikimbia. Biti ilikuwa imenasa ubao, ikauzungusha kama feni, ukampiga Kipimo mkono wa kushoto ukaruka hadi ukutani. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka na kinavimba, damu inadondoka kwenye aproni. Mkewe alibonyeza kile kitufe chekundu, mashine ikanyamaza. Kipimo hakuwa anatazama kidole. Alikuwa anautazama ubao ulioanguka, matundu yake: moja juu, moja chini, moja limeuma ukingoni kabisa.

"Acha nikufunge," mkewe alisema.

Kipimo alipiga magoti, damu na yote, akaingiza kichwa chini ya meza kuitafuta ile boliti. Aliishika. Ilikuwa imekaa imara. Kisha kidole chake kikagusa ile sehemu iliyokwanguliwa, chuma kikimeremeta upya chini ya rangi.

"Spana imeteleza hapa," alisema akiwa bado huko chini. "Grisi haachi alama. Mimi siachi alama."

Mwanamke alivitazama vifundo vyake vilivyochubuka.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Lini?"

"Ulipokuwa unaoga. Kabla Grisi hajaja."

Kipimo alitoka chini ya meza polepole, akaketi sakafuni kwenye vumbi la mbao, mgongo umeegemea ile nguzo. Alikuwa anafikiri, na mkewe aliona kila hatua ya hesabu hiyo ikipita usoni mwake.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua kabla yake."

"Nilijua tangu sindano."

"Grisi naye amejua."

"Aliona vidole vyangu."

"Kumbe wote mnajua." Alicheka kicheko kikavu. "Nyumba yangu, banda langu, mikono yangu, na mgeni ni mimi."

Mwanamke alikaa naye pale chini. Alisema aliyoyabeba miezi yote, bila mpangilio: kwamba aliogopa, kwamba alikuwa anampelekea jirani sindano, kwamba alitaka tu mumewe apate mahali pa kuegemea hata siku chache. Kwamba alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa na sasa tazama kidole. Akamwomba msamaha. Kipimo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia," alisema, "ningekukasirikia, nikanuna, nikakususia chakula, yakaisha. Lakini umenifurahisha, mama watoto. Hilo sasa nitalifanyaje?"

Mkewe alimfunga kidole kwa vipande vya kitambaa alivyokuwa navyo mfukoni, kama washonaji wanavyokuwa navyo daima. Mkono wa kulia wa Kipimo ulikaa juu ya paja lake unatetemeka, mbele ya macho ya wote wawili, na hakuuficha.

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akaandika vidonge, akasema vitapunguza, havitarudisha. Grisi alileta kizuizi alichokitengeneza mwenyewe, kizuri, chenye skrubu za kukibana mezani. Kipimo alishukuru kwa dhati, akakiegemeza ukutani. Hakukigusa tena. Grisi akasema basi nitoboe mimi, wewe simama uelekeze. Kipimo akamwambia afadhali mjukuu wake alale kwenye kitanda cha mtu asiyemjua kuliko kitanda cha babu aliyeshikiwa mkono. Alimwambia hivyo rafiki yake wa miaka yote, na Grisi akaenda zake. Ilikuwa kauli mbaya, na Kipimo aliijutia kabla geti halijafungwa, lakini hakumwita arudi.

Kitanda kilitoka dukani, ndani ya boksi. Mume wa binti yao alikiunganisha sebuleni, na Kipimo akapewa karatasi yenye michoro amsomee hatua. Karatasi ilikuwa inatikisika sana, hivyo aliiweka sakafuni akaisoma kwa kuinama. "Baba, kimetoka vizuri eeh?" binti aliuliza. "Kizuri," alisema. Alipitisha jicho kwenye fito zote, na mkewe alijua kwamba ameona ile moja iliyopinda. Hakuitaja.

Baada ya hapo alisema drili iuzwe. Mkewe alisema si lazima, haili, haidai kitu. Kipimo akasema kila akiingia bandani inamtazama.

Aliyekuja kuinunua alikuwa mwokaji mikate wa mtaa wa pili, mtu mnene mwenye furaha, mikono yake mikubwa na laini kwa sababu ya unga. Siku za mapumziko alikuwa anajitengenezea rafu na viti nyumbani, na kwa muda mrefu alikuwa anaitamani mashine ya kusimama. Alikuja amejiandaa. Aliuliza kama mota inapata moto. Aliuliza mikanda ilibadilishwa lini, meza inapanda na kushuka bila kukwama, biti inashuka kina gani. Hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na Kipimo alimheshimu kwa hilo. Alimpitisha kwenye mtihani wote kwa maneno, mikono yake ikiwa mfukoni: funga hicho chuma, zungusha kwa mkono, lete bati karibu, tazama mwanya, sasa skwea, sogeza, angalia mwanga. Mwokaji alichungulia, akatoa ulimi kidogo kwa umakini.

"Haupiti kabisa!"

"Hauwezi kupita," Kipimo alisema. "Sasa toboa."

Mwokaji alichukua kipande cha ubao, akakibana kwa jiliwa, akashusha usukani. Sauti ikapanda, ikashuka. Aliinua ubao dirishani akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja, kisha akampa Kipimo achungulie, kisha akampa hata mwanamke, aliyekuwa amesimama mlangoni. Tundu lilikuwa limenyooka, safi, limekaa pale pale alipotia alama. Mtu aliyezoea kukanda unga alikuwa ametoboa mara ya kwanza kwenye mashine asiyoijua, na hakukosea.

"Tamu hii!" mwokaji alisema. Aliipapasa nguzo, akarudi nyuma hatua, akaitazama yote tangu chini hadi juu. Kisha, kama mnunuzi yeyote mwenye akili, akauliza, "Ila mzee wangu, samahani. Kama ni nzima hivi, mbona unaiuza?"

Mwanamke alikuwa na jibu tayari. Alilitengeneza tangu asubuhi akijua swali litakuja: banda ni dogo, wanataka kuweka vitu vya mjukuu. Alifungua mdomo. Kipimo alimtazama, si kwa hasira, akatikisa kichwa, na yeye akaufunga.

Halafu Kipimo akautoa mkono wa kulia mfukoni. Aliunyoosha mbele ya yule mtu, vidole vimeachana, na kuuacha ufanye ulivyotaka.

"Mashine haina kosa," alisema. "Haijawahi kuwa nalo. Mbovu ni mimi."

Mwokaji, ambaye jicho lake moja lilikuwa bado kwenye mota, aliangua kicheko.

"Wazee bwana! Mnajua kuuza!" Aliona mkono umenyooshwa, akaudaka kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kwa nguvu kama mtu aliyefunga biashara. "Tumekubaliana, mzee wangu. Tumekubaliana."

Kipimo hakumsahihisha. Alisimama pale, mkono wake ukiwa umemezwa na viganja vile vikubwa, na kwa muda ule mfupi ulikuwa umetulia kabisa. Mkewe aliuona ukitulia, na akaona kwamba Kipimo naye ameona. Kisha mwokaji akauachilia, akatoka nje kuwaita wenzake waje kubeba.